Barua Iliyosomwa Si Kazi Iliyofanywa

Somo kwa makatibu na kamati za vikundi: kupanga kazi kwa programu ya barua pepe



Katika somo hili tutazungumza juu ya barua pepe, au imeli kama wengi wetu tunavyosema. Pengine mmoja atasema, "Hayo ni mambo ya watu wa ofisi, sisi tunalima na kufuga." Ngojeni kidogo. Siku hizi ofisi za kaunti, mashirika ya misaada, hata maduka makubwa ya vifaa, wanatuandikia kwa barua pepe. Barua inaingia kwenye simu ya katibu, lakini kazi iliyomo ndani ni ya kikundi kizima. Kazi hiyo ikipotea ndani ya simu, hasara ni ya wote.

Tutakwenda kwa njia tuliyozoea: kwanza tuone, halafu tuchambue, mwisho tutende. Ni vizuri mmoja asome kwa sauti mkutanoni, na mwenye simu kubwa awe nayo mkononi.

TUONE: HABARI YA TANGI

Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilikuwa kimeomba msaada wa tangi la maji. Wanachama ni 22. Walichanga, wakajenga msingi wa mawe, wakaweka na mifereji ya kukusanya maji ya mvua kwenye paa. Lilibaki tangi lenyewe.

Jumanne moja barua ikaja kwa katibu. Shirika lilikuwa limekubali, ila liliomba vitu vitatu: nakala ya cheti cha usajili, kumbukumbu za mkutano zilizotiwa sahihi, na bei ya tangi kutoka maduka matatu. Vyote vifike kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Katibu aliisoma barua akiwa ndani ya matatu, akitoka sokoni. Akafurahi sana. Akasema moyoni, "Nitaishughulikia jioni." Jioni mtoto alikuwa na homa. Kesho yake zikaingia barua nyingine, matangazo ya hapa na pale, na ile ya tangi ikashuka chini. Tena ilikuwa imeshafunguliwa, kwa hivyo maandishi yake hayakuwa mazito tena kama ya barua mpya. Haikumwita tena. Alipoikumbuka, Ijumaa ilikuwa imepita kwa siku nne, na tangi lilikuwa limepewa kikundi kingine.

Kwenye mkutano maneno yalikuwa mengi. Wengine walinong'ona kwamba katibu amekula pesa. Mama huyo alilia, akaniambia, "Mwalimu, mimi si mwizi. Barua niliisoma!"

Na mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa na aibu yangu. Barua ile niliipata mimi pia, nikiwa nimewekwa kwenye nakala. Niliiona siku ile ile ya Jumanne, nikasema, "Vizuri, katibu atafanya." Yeye naye labda alifikiri, "Mwalimu ameona, atanikumbusha." Watu wawili tuliisoma barua, na hakuna aliyeifanyia kazi.

Hapa msimame kidogo mjiulize: Je, jambo kama hili limewahi kutokea kwetu? Nani alilaumiwa? Na shida yenyewe ilikuwa nini hasa?

TUCHAMBUE: KWA NINI KAZI INAPOTEA?

Mama huyo hakuwa mvivu wala mwizi. Shida ni kwamba alitumia kikasha cha barua kama orodha ya kazi, na kikasha hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao ilitumwa na mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, mwaka 1971. Alichotaka ni kufikisha ujumbe tu. Mpaka leo kikasha kinafanya hivyo: kinapanga barua kwa wakati zilipoingia, si kwa uzito wake. Tangazo la viatu lililoingia leo linakaa juu ya barua ya tangi iliyoingia jana. Ni kama duka ambalo kila mteja mpya anasimama mbele ya foleni, na aliyekuja mapema anazidi kusukumwa nyuma.

Watengenezaji wa programu waliiona shida hiyo. Programu ya Outlook ilipotoka mwaka 1997 ilikuwa tayari na sehemu ya kuandika kazi kando ya barua. Gmail ilianza mwaka 2004, na mwaka 2018 Google wakatoa programu ya simu ya kuandika kazi, iitwayo Google Tasks. Kwa hivyo vyombo vipo, na vingi ni vya bure ukiwa na bando. Kinachokosekana kwetu ni mazoea ya kuvitumia.

Sababu ya pili ni kwamba barua moja inaweza kubeba kazi kadhaa. Ile ya tangi ilikuwa na kazi tatu, za watu watatu. Cheti kilikuwa kwa mwenyekiti, kumbukumbu kwa katibu, na bei zingetafutwa na mweka hazina aendaye mjini kila wiki. Zikiachwa ndani ya barua zinaonekana kama kitu kimoja kizito, na mtu anaogopa kukianza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni vivyo hivyo.

TUTENDE (1): KILA BARUA IPEWE UAMUZI

Katibu apange saa ya kushughulikia barua, hata kama ni mara mbili tu kwa wiki. Kusoma njiani si vibaya, lakini usihesabu kwamba umefanya kazi. Ukikaa chini, chukua barua moja moja, na kila moja uipe uamuzi mmoja kati ya hizi nne:

1. Haina kazi. Iondoe kikashani. Kama ni takataka, futa. Kama ni ya kumbukumbu, iweke kabatini.

2. Kazi yake ni ndogo, haizidi dakika mbili. Ifanye hapo hapo. Mfano: "Tumeipokea barua yenu, asante, tutajibu kufikia Alhamisi." Kanuni hii ya dakika mbili ilienezwa na David Allen, mwandishi Mmarekani, katika kitabu chake kuhusu kupanga kazi cha mwaka 2001. Inafaa sana, kwa sababu kuiandika kazi ndogo kunachukua muda sawa na kuifanya.

3. Kazi ni ya mwingine. Mpelekee mara moja, na uandike kwenye orodha jina lake na siku uliyompa. Usiseme "nimemwambia" halafu basi. Uliyemwambia anaweza kusahau kama wewe.

4. Kazi ni yako, lakini si ya sasa. Iandike kwenye orodha, pamoja na siku ya kuifanya.

Ukimaliza, kikasha kibaki kitupu au karibu kitupu. Barua kusimama mlangoni kila siku bila kuhudumiwa, hiyo ndiyo inayotuchosha akili.

TUTENDE (2): JINSI YA KUANDIKA KAZI

Wengi wakiandika orodha wanaandika neno moja: "Tangi." Baada ya wiki hata mwenyewe hajui alitaka kufanya nini. Kazi iliyoandikwa vizuri ina mambo manne: tendo, kitu, mtu na siku. Tazameni:

- Kupiga picha cheti cha usajili na kumtumia katibu. Mwenyekiti. Jumatano.
- Kuandika upya kumbukumbu na kupata sahihi tatu. Katibu. Mkutano wa Alhamisi.
- Kuleta bei ya tangi la lita 5,000 kutoka maduka matatu. Mweka hazina. Jumamosi.
- Kutuma vyote kwa pamoja. Katibu. Jumatano ya wiki inayofuata.

Mmeona? Mwisho uliotakiwa na shirika ulikuwa Ijumaa, lakini sisi tumeweka Jumatano. Kila barua yenye siku ya mwisho iwe na siku mbili: siku yao, na siku yetu. Yetu itangulie, kwa sababu stima hupotea, mtandao husumbua, na matope ya masika hayaulizi mtu.

Na muwe waangalifu na saa! Barua ikisema "5.00 p.m.", hiyo ni saa kumi na moja jioni, si saa tano usiku. Nimewaona watu wakiweka kengele ya simu saa tano usiku, ofisi zimefungwa zamani. Tena, kama shirika liko ng'ambo, uliza ni saa ya wapi. Saa kumi na moja jioni ya Ujerumani ni saa moja usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa kumi na mbili jioni wakati wa joto lao, kwa maana wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka.

TUTENDE (3): KWENYE SIMU

Tuchukue Gmail, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye simu nyingi za Android. Maneno mengi kwenye simu zetu ni ya Kiingereza, kwa hivyo nitayaandika kama mtakavyoyaona.

Kuifanya barua iwe kazi. Fungua barua. Juu upande wa kulia kuna vidoti vitatu. Vibonyeze, halafu chagua "Add to Tasks." Barua hiyo sasa imeandikwa kwenye orodha yako ya Google Tasks. Lakini usiiachie hapo. Programu inachukua kichwa cha barua kuwa jina la kazi, na mara nyingi kichwa hakisemi kitu, ni "Re: Re: Documents" tu. Fungua Tasks, ufute jina hilo, uandike tendo, kitu na mtu kama tulivyojifunza. Weka na tarehe. Uzuri wake ni kwamba ndani ya kazi kunabaki njia ya kukurudisha kwenye barua yenyewe, hutaitafuta tena. Na kazi yenye tarehe utaiona pia kwenye kalenda ya Google.

Kama barua ina kazi tatu, ongeza kazi nyingine mbili kwa mkono. Tasks pia inakuruhusu kuandika kazi kubwa, na chini yake kazi ndogo ndogo. Kazi inayojirudia, kama kutuma ripoti kila mwezi, unaiandika mara moja tu na kuiambia ijirudie.

Kuahirisha barua. Kwenye vidoti vile vile kuna neno "Snooze." Ukilichagua, barua inaondoka kikashani na kurudi juu siku na saa utakayosema. Hii inafaa kwa barua ambayo huwezi kuifanyia kitu mpaka siku fulani, kama mwaliko wa semina. Lakini angalieni: ukiahirisha barua moja mara tatu, hiyo si kupanga tena, ni kuikimbia. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kuiweka kabatini. Kitufe cha "Archive" kinatoa barua kikashani bila kuifuta. Watu wengi wanakiogopa, ati barua itapotea. Haipotei. Iko kwenye "All Mail," na ukiandika neno lake moja pale juu pa kutafutia, itakuja.

Nyota. Unaweza kuitia barua nyota ili uione haraka. Ila nikifungua simu za makatibu naona nyota hamsini! Nyota zikiwa nyingi hivyo hazikuonyeshi njia. Tumia nyota kwa maana moja tu, kwa mfano "tunangoja jibu lao," na jibu likija, itoe.

Kutuma baadaye. Kama mtandao wako ni mzuri usiku, andika barua usiku, kisha kwenye vidoti vitatu uchague "Schedule send," uiambie iende Jumatatu saa mbili asubuhi, ambayo simu itaiandika 8:00 AM.

Wenye kutumia kompyuta ya parokia au ya shule wanaweza kukuta programu nyingine. Kwenye Outlook, ukiitia barua alama ya bendera, inaweza kujitokeza kwenye programu ya Microsoft To Do pamoja na kazi nyingine, na humo unaweza kuwaalika wenzako waione orodha moja. Thunderbird, ambayo ni ya bure, nayo inaweza kuigeuza barua kuwa kazi. Majina yanatofautiana, kanuni ni ile ile: toa kazi ndani ya barua, uiweke mahali pamoja penye tarehe.

TUTENDE (4): ORODHA IWE YA KIKUNDI

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote. Orodha ikikaa ndani ya simu ya mtu mmoja, katibu anakuwa kama mwenye funguo za ghala peke yake. Akiugua, akihama, simu ikianguka mtoni, kikundi kimekwama. Na mambo yakiharibika, yeye ndiye anayeitwa mwizi, kama mlivyosikia.

Kwa hivyo fanyeni haya:

Kwanza, kikundi kiwe na anwani yake ya barua pepe, tofauti na ya katibu binafsi. Nywila ijulikane na watu wawili, na iandikwe kwenye bahasha iliyofungwa inayokaa na mweka hazina. Katibu akibadilishwa, nywila nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo, pamoja na namba ya simu ya kuirudishia akaunti. Tena ifunguliwe mara kwa mara, maana tangu mwisho wa mwaka 2023 Google wanaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi iliyokaa miaka miwili bila kutumiwa.

Pili, ukifungua barua kwenye saiba, usiondoke kabla ya kutoka kwenye akaunti, na usiache nakala za vitambulisho vya wanachama kwenye kompyuta ya watu.

Tatu, daftari lisitupwe. Wanachama wengi wana kabambe tu, hawaoni hiyo Tasks. Kabla ya kila mkutano katibu anakili orodha kwenye daftari kwa safu nne: tendo, mtu, siku, imekwisha au bado. Isomwe kwa sauti mara baada ya kumbukumbu, kabla ya mambo mapya. Aliyepewa kazi aseme mwenyewe imefika wapi. Anayengoja kukumbushwa apelekewe ujumbe mfupi kwenye kabambe yake siku moja kabla.

Nne, kazi iwe na jina la mtu mmoja. Wanaweza kumsaidia watano, lakini wa kuulizwa awe mmoja. Mkiandika "kamati," mtakuwa mmerudia kosa letu sisi wawili, mimi na yule mama, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Na ukiona umewekwa kwenye nakala ya barua, usinyamaze. Uliza: "Hii ni ya nani?"

MWISHO WA HABARI YA TANGI

Mtapenda kujua yule katibu aliishia wapi. Baada ya mkutano ule mrefu nilisimama nikakiri na kosa langu. Kisha tulifungua simu mbele ya wote, tukaisoma ile barua neno kwa neno, tukaonyesha siku ilipoingia. Walioshuku walinyamaza, na mmoja aliomba radhi. Hawakumtoa ukatibu. Walimpa msaidizi, kijana aliyemaliza kidato cha nne, na wakanunua daftari kubwa.

Tangi bado hawajapata. Msingi wa mawe uko pale, na kila nikipita unanikumbusha. Lakini tangu siku ile zimekuja barua tatu zenye kutaka majibu, na zote tatu zimejibiwa kabla ya siku. Katika mkutano uliopita bibi mmoja asiyejua kusoma ndiye aliyeuliza, "Na ile ya Jumatano, imekwisha au bado?" Nilifurahi sana kulisikia swali hilo, maana sasa kazi haikuwa tena ndani ya simu ya mtu mmoja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Barua za kikundi chetu zinaingia wapi? Nani mwingine anaweza kuzifungua katibu asipokuwepo?
2. Je, kuna barua iliyosomwa lakini haijajibiwa? Itafuteni sasa hivi.
3. Tunamtendeaje katibu wetu jambo likiharibika? Na sisi wengine tulikuwa wapi?

ZOEZI LA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Katibu na msaidizi wake wakae pamoja saa moja. Wachukue barua kumi za juu kikashani, kila moja waipe uamuzi mmoja kati ya zile nne. Zile zenye kazi waziandike kwa tendo, kitu, mtu na siku, kwenye simu na kwenye daftari. Mkutanoni wasome orodha, na kila mwenye jina lake aseme kama anaikubali kazi hiyo na siku hiyo. Ahadi ni deni, lakini mtu hulipa vizuri deni alilolikubali mwenyewe mbele ya wenzake.

Kazi njema.